Nani Akikosekana Timu ya Taifa Inavunjika?

Tarehe 8 Julai 2014, mjini Belo Horizonte, wimbo wa taifa wa Brazil ulipokuwa ukipigwa kabla ya nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ujerumani, David Luiz na kipa Júlio César walisimama wameshika jezi ya Neymar. Siku nne nyuma, kwenye robo fainali, Juan Zúñiga wa Colombia alikuwa amemgonga kwa goti mgongoni na kumvunja pingili ya uti wa mgongo, na tangu hapo nchi nzima ilimlilia namba kumi wake. Jezi ya Thiago Silva haikushikwa na mtu. Nahodha huyo naye alikuwa nje, kwa kadi ya pili ya njano aliyoipata katika mechi hiyohiyo ya Colombia baada ya kumkinga kipa David Ospina asiuondoe mpira.

Kilichofuata kila mpenzi wa soka anakijua: saba kwa moja. Lakini angalia mabao yalivyoingia. Dakika ya 11 Thomas Müller anaachwa peke yake kwenye kona. Kati ya dakika ya 23 na ya 29 yanaingia mengine manne, na katika mojawapo Toni Kroos anamnyang'anya mpira Fernandinho karibu kabisa na eneo la hatari na hakuna beki aliyejipanga nyuma yake. David Luiz, aliyevaa kitambaa cha unahodha siku hiyo, alikuwa akitoka mbele kutafuta mpira kana kwamba bado kuna mtu wa kumfunika. Brazil ile ilikuwa imeruhusu mabao manne tu katika mechi tano zilizotangulia. Neymar, pamoja na mabao yake manne ya mashindano yale, asingezuia hata moja kati ya yale saba. Thiago Silva angezuia mawili au matatu, na mechi ingebaki kuwa mechi.

Haki lazima itendeke: Thiago Silva alirudi kwenye mechi ya kusaka mshindi wa tatu na Brazil ikachapwa 3-0 na Uholanzi, yeye mwenyewe akisababisha penalti mapema kabisa. Timu iliyokufa moyo haifufuliwi na beki mmoja. Hata hivyo swali la nani alikosekana zaidi katika nusu fainali ile limejibiwa vibaya kwa muda mrefu, na jibu hilo baya ndilo linalotumika kila mara orodha ya majeruhi inapotoka. Watu wanatazama jina. Kinachopaswa kutazamwa ni wachezaji wangapi wengine watahama nafasi zao kwa sababu huyo mmoja hayupo.

Timu ya taifa haifanani na klabu katika jambo hili. Klabu ikipoteza beki wa kushoto mwezi Desemba, Januari inanunua mwingine. Kocha wa taifa anachagua kwa wenye pasipoti ya nchi yake, basi, na hata sheria za kubadilisha taifa zilizolegezwa na FIFA mwaka 2020 hazimpi beki wa kushoto pale anapomhitaji. Muda nao ni mfupi. Dirisha la kawaida la kimataifa ni siku tisa au kumi na mechi mbili ndani yake. Ukiondoa siku ya kufika, siku za mechi na siku za kupumzisha miguu, mazoezi ya kweli ya mbinu yanabaki matatu, pengine manne. Kwa Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, vilabu vililazimika kuachia wachezaji tarehe 14 Novemba na mashindano yakaanza tarehe 20. Mbadala ambaye hajui kazi kabla ya kuingia kambini hataijua akiwa humo.

Kuna zoezi ambalo yeyote anaweza kulifanya kwa karatasi na kalamu. Andika kikosi cha kwanza cha timu yako. Futa jina moja, weka mbadala wake halisi, yule ambaye kocha huyu angemuingiza, si yule unayemtamani wewe. Sasa hesabu: ni wangapi kati ya kumi waliobaki wamehama nafasi, au wamebaki palepale lakini kazi yao imebadilika? Akihama mmoja au asihame yeyote, timu itaishi. Wakihama wawili, kocha anahitaji wiki. Wakihama watatu na zaidi, hiyo si timu ileile tena, na kwa siku nne za mazoezi haijengeki nyingine. Kisha ongeza kazi zisizoandikwa kwenye orodha ya kikosi: nani anapiga kona, nani anapiga penalti, nani anapiga kelele mstari wa ulinzi usogee, nani analengwa na kipa pale timu inapobanwa na mpira mrefu ukabaki kuwa njia pekee. Mchezaji mwenye kazi tatu za aina hiyo ni ghali kuliko jina lake.

Ukilifanya zoezi hili kwa timu nyingi utakuta jina linalojirudia ni la namba sita, kiungo mkabaji. Sababu zake ziko wazi ukimtazama dakika kumi tu bila kufuata mpira. Timu ikiwa na mpira, anashuka katikati ya mabeki wawili wa kati au anasimama hatua chache mbele yao, na hapo ndipo mabeki wa pembeni wanapopata ruhusa ya kupanda. Timu ikiwa haina mpira, anakaa kama mita kumi mbele ya mabeki akifunga njia ya pasi ya kupenya kwenda kwa namba kumi wa wapinzani. Mpira mrefu ukipigwa, yeye ndiye anayeokota ule wa pili, unaodondoka baada ya vichwa kugongana. Mtoe. Beki mmoja wa kati sasa analazimika kutoka nje ya mstari kumfuata namba kumi, na nyuma yake panabaki uwazi. Mabeki wa pembeni wanaogopa kupanda. Mawinga wanabaki wawili dhidi ya wanne. Mshambuliaji anachoka kusubiri, anashuka hadi katikati ya uwanja kuufuata mpira, na langoni kwa wapinzani hakuna mtu. Hao ni wachezaji sita waliobadilishiwa kazi kwa sababu ya mmoja.

Senegal walilipa gharama hiyo Qatar, na bado hadithi inayosimuliwa ni ya Sadio Mané. Mané aliumia akiichezea Bayern Munich dhidi ya Werder Bremen tarehe 8 Novemba 2022 na akaikosa michuano yote. Pengo kweli, bingwa wa Afrika yule. Lakini Senegal bila Mané waliifunga Qatar 3-1, wakaifunga Ecuador 2-1 na kuvuka kundi. Ukuta walikutana nao hatua ya 16 bora dhidi ya Uingereza, na siku hiyo aliyekosekana zaidi ya Mané alikuwa Idrissa Gueye, aliyefungiwa kwa kadi mbili za njano. Cheikhou Kouyaté alikuwa ameshaumia tangu mechi ya kwanza na Uholanzi. Safu ya katikati ikachezwa na Nampalys Mendy na Pathé Ciss. Bao la kwanza: Harry Kane anashuka, anageuka, anamlisha Jude Bellingham anayekimbia upande wa kushoto bila mtu wa kumfuata, krosi ya chini, Jordan Henderson anamalizia. Bao la pili: Bellingham huyohuyo anaibuka na mpira kutoka nusu yake na kupasua katikati, Phil Foden anamlisha Kane. Mara zote mbili shambulio lilipita mahali ambapo Gueye husimama. Mané angeweza kufunga moja upande wa pili, sawa, lakini asingekuwepo pale.

Hispania walionyesha upande wa pili wa shilingi miaka miwili baadaye. Fainali ya Euro 2024 mjini Berlin, Rodri, aliyetangazwa mchezaji bora wa mashindano, hakurudi kipindi cha pili kwa sababu ya maumivu ya paja. Matokeo yalikuwa 0-0. Akaingia Martín Zubimendi, na dakika mbili baadaye Nico Williams akafunga; mwisho Hispania wakashinda 2-1. Ukihesabu waliohama nafasi, jibu ni sifuri. Zubimendi anacheza namba ileile katika klabu yake, anasimama mahali palepale, anapokea mpira kwa mwili uliogeuka vilevile. Rodri alikuwa bora kuliko yeye mwaka ule, hakuna ubishi, lakini wale kumi wa mbele na nyuma yake hawakulazimika kujifunza kitu kipya katika dakika 15 za mapumziko. Hata Rodri alipochanika goti Septemba mwaka huohuo, Hispania walifika fainali ya Ligi ya Mataifa Juni 2025 na kuipoteza kwa mikwaju ya penalti tu. Kwa hiyo mchezaji bora wa timu na mchezaji asiyeweza kukosekana ni watu wawili tofauti mara nyingi kuliko tunavyokubali.

Mabeki wa kati wanafuata kwa karibu, hasa katika timu zinazoishi kwa kujilinda. Morocco ya 2022 ilifika nusu fainali ikiwa imeruhusu bao moja tu, tena la kujifunga la Nayef Aguerd dhidi ya Canada. Kocha Walid Regragui alipanga mabeki watano kuikabili Ufaransa. Aguerd alikuwa kwenye orodha ya waanzaji, akaumia, na Achraf Dari akaingia nafasi yake dakika za mwisho kabla ya mpira kuanza. Romain Saïss, nahodha, alianza akiwa na jeraha alilolipata dhidi ya Ureno. Dakika ya tano Jawad El Yamiq anatoka mbele kukata pasi ya Raphaël Varane kwenda kwa Antoine Griezmann, anaikosa, na nyuma yake mlango uko wazi. Mpira unaishia kwa Theo Hernandez na wavuni. Dakika ya 21 Saïss anatolewa, anaingia kiungo Selim Amallah na mfumo unarudi kwenye mabeki wanne. Kuanzia hapo Morocco walicheza vizuri mno, wakaisumbua Ufaransa kwa zaidi ya saa nzima. Lakini walikuwa wameshaanza nyuma kwa bao, na timu iliyojengwa kusubiri na kushtukiza haina raha inapolazimika kutafuta.

Kosa la El Yamiq linastahili kuangaliwa tena, kwa sababu ndilo kosa la kawaida la beki mbadala. Kutoka mbele kukata pasi si kosa. Kosa ni kutoka bila jirani yako kujua kwamba unatoka. Mabeki waliocheza pamoja mechi 20 hawaulizani. Mmoja akisogea mguu, mwingine ameshaanza kurudi kufunika. Maelewano hayo hayafundishwi ubaoni. Ndiyo maana kupoteza mabeki wawili wa kati kwa pamoja kunauma zaidi ya mara mbili ya kupoteza mmoja.

Washambuliaji? Hapa ndipo kelele zilipo nyingi na ushahidi ni dhaifu. Ureno walimpoteza Cristiano Ronaldo dakika ya 25 ya fainali ya Euro 2016 baada ya kugongwa na Dimitri Payet, wakaingiza Ricardo Quaresma, wakajifunga nyuma na kushinda 1-0 kwa bao la Éder dakika ya 109. Brazil walimpoteza Pelé katika mechi ya pili ya Kombe la Dunia 1962, wakamuingiza Amarildo, Garrincha akabeba mzigo, wakachukua kombe. Ufaransa 2022 walimkosa Karim Benzema usiku wa kuamkia mashindano, na Didier Deschamps hata hakuita mtu wa kuziba nafasi yake. Olivier Giroud akafunga mabao manne na wakafika fainali. Mshambuliaji nyota akitoka, wenzake wanaelewa mara moja kinachotakiwa: kubana zaidi, kuvumilia zaidi, kugawana mabao. Ni mabadiliko ya mpango, na mpango unabadilika kwa maneno ya dakika mbili pembeni ya uwanja.

Mohamed Salah ndiye anayetajwa kila mara kupinga hoja hii, na ni kesi nzuri ya kuchambua. Bega lake liliumia kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Kiev tarehe 26 Mei 2018. Misri wakafungwa 1-0 na Uruguay bila yeye, wakafungwa 3-1 na Urusi akiwepo, wakafungwa 2-1 na Saudi Arabia akiwepo, na mabao yote mawili ya Misri ni yake. Hesabu za "naye" na "bila yeye" zingesema hana faida, jambo ambalo ni upuuzi, maana alirudi bega likiwa bichi. Timu ya taifa inacheza kama mechi kumi kwa mwaka, dhidi ya wapinzani wasiolingana. Asilimia za ushindi zinazotolewa kwenye mechi tatu au nne alizokosa mtu hazina uzito wowote.

Sasa njoo AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024. Salah anaumia msuli wa paja mwishoni mwa kipindi cha kwanza dhidi ya Ghana. Baada ya yeye kutoka, Misri wanafunga mabao mawili siku hiyohiyo, mawili dhidi ya Cape Verde na moja dhidi ya Kongo. Mabao yalipatikana. Tatizo lilikuwa nyuma: waliruhusu mawili katika kila mechi ya kundi, na kipa wa kwanza Mohamed El Shenawy aliteguka bega dhidi ya Cape Verde. Mechi na Kongo ikaisha 1-1, ikaenda kwenye penalti, ikafika hadi kwa makipa. Gabaski, kipa wa pili, akagonga mwamba. Lionel Mpasi wa Kongo akafunga. Misri nje, 8-7, na vichwa vya habari vikamhusu Salah.

Kuna hali moja ambamo mtu wa mbele kweli hawezi kukosekana: pale ambapo njia nzima ya kufika golini inapita kwake, si pale anapokuwa mfungaji tu. Tofauti hiyo iliwagharimu Wales. Nusu fainali ya Euro 2016 Gareth Bale alikuwepo, mzima. Aliyekosekana ni Aaron Ramsey, mwenye pasi nne za mabao katika mashindano yale, aliyefungiwa baada ya kushika mpira kwa mkono dhidi ya Ubelgiji. Beki Ben Davies naye alifungiwa. Bale akalazimika kushuka chini kuutafuta mpira na kupiga mashuti ya mbali. Ureno wakafunga mawili ndani ya dakika tatu. Ufaransa 2002 nao, bila Zinedine Zidane aliyeumia paja kwenye mechi ya kirafiki na Korea Kusini siku tano kabla ya mashindano, walikuwa na Thierry Henry na David Trezeguet waliotoka kuongoza kwa mabao katika ligi za Uingereza na Italia. Walimaliza mechi tatu bila bao hata moja, Zidane akirudi kwenye ya tatu tu, paja likiwa bado halijapona. Wafungaji walikuwepo. Mlishaji akiwa mzima hakuwepo, na siku tano hazikutosha kupata njia nyingine.

Thiago Silva, Gueye, Ramsey: watatu hawa hawakuumia. Walikosekana kwa kadi za njano, na kadi ndiyo pengo pekee ambalo kocha anaweza kuliona linakuja. Tangu 2010 kadi moja ya njano kwenye Kombe la Dunia hufutwa baada ya robo fainali, ili yasijirudie yale ya Michael Ballack, aliyeifungia Ujerumani bao la nusu fainali 2002 akiwa ameshajua kwamba fainali hataicheza. Hiyo inaifanya robo fainali kuwa mechi ya hatari kuliko zote kwa mwenye kadi moja. Benchi lenye akili linaweka orodha ya wenye kadi ukutani, linamkataza namba sita kubishana na mwamuzi, linamteua mtu mwingine wa kuchelewesha mpira unapotoka, na timu ikiongoza kwa mabao mawili dakika ya 65 linamtoa mara moja. Kwa nafasi tano za kubadilisha wachezaji siku hizi, hakuna kisingizio.

Kuandaa mbadala nako kuna makosa ya kawaida. La kwanza ni kumpa dakika 20 za mwisho katika mechi ya kirafiki ambayo wachezaji sita wameshabadilishwa. Hapo anacheza na wageni wenzake, hajifunzi chochote kuhusu beki atakayesimama naye siku ya kweli. Afadhali dakika 60 za mwanzo, na wale kumi wa kawaida, hata kama ni mara mbili tu kwa mwaka. La pili ni kutafuta pacha. Argentina walimkosa Giovani Lo Celso kabla ya Qatar, kiungo ambaye timu ya Lionel Scaloni ilikuwa imejengwa kumzunguka. Mechi ya kwanza Scaloni alijaza nafasi kwa mtu, Papu Gómez, na wakafungwa 2-1 na Saudi Arabia. Mechi ya pili akamuingiza Alexis Mac Allister, ya tatu akamuanzisha Enzo Fernández, na kazi ya Lo Celso ikagawanywa kwa watu wawili ambao hakuna hata mmoja anayefanana naye. Ile ndiyo safu ya katikati iliyochukua kombe.

Na la tatu ni kusahau mbadala wa mbadala. Fainali ya 2014, Ujerumani walimpoteza Sami Khedira wakati wa kupasha misuli. Akaanza Christoph Kramer, kijana ambaye hakuwa ameanza mechi yoyote ya mashindano yale. Akagongwa kichwani, akatoka akiwa amechanganyikiwa dakika ya 31. Joachim Löw hakuwa na kiungo wa tatu wa aina ile, akamuingiza winga André Schürrle na kumsogeza Mesut Özil ndani. Dakika ya 113 Schürrle alikimbia upande wa kushoto, akapiga krosi, na Mario Götze akaupokea kwa kifua na kufunga bao pekee la fainali.